Kimya cha Darasa la Tano

Jumatatu, 13 Januari 2025

Shule zimefunguliwa. Nimerudi juzi hapa deltani kwa boti kutoka Nyamisati na mgongo unauma mpaka leo. Nyumba imejaa popo. Mchwa wamekula mguu mmoja wa meza.

Nimepewa Darasa la Tano. Nikasema ngoja niwapime kwanza. Nikaandika ubaoni sentensi moja — Mama amekwenda shambani kuvuna mpunga. Nikawaita mmoja mmoja. Darasa zima, na walioisoma hawajai benchi mbili. Wengine walinitazama mdomo tu, wakawa wanakisia. Kijana mmoja akasoma "Mama amekwenda hospitali" kwa sauti ya kujiamini kabisa. Wenzake wakampigia makofi!

Darasa la Tano! Miaka minne wamekaa kwenye madawati haya, na baadhi ya miaka hiyo mwalimu wao wa Kiswahili ni mimi.

Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Alhamisi, 16 Januari

Nimezungumza na Mwalimu Mkuu. Mwalimu Deusdedit ni mtu mwema ila amechoka, katoka Sumbawanga zamani, anangoja kustaafu. Akasema tuwape maswali ya mitihani iliyopita wakariri, kila shule inafanya hivyo. Nikamwambia nataka muda kidogo kila asubuhi baada ya mstarini, kila mtoto na kitabu cha hadithi, anasoma kimya, haulizwi kitu, hapigwi, hapewi alama. Na mimi nasoma pamoja nao.

Akacheka. Kimya? Hapa?

Lakini akaruhusu, mradi nisile kipindi cha Hisabati. Hisabati ni ya Mwalimu Ridhiwani, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyezaliwa huku, Mkongo, juu kidogo ya mto. Nilitegemea atagoma. Akasema wape tu, Mwalimu Elieth, makwao hakuna mahali pa kukaa kimya, na hapa hatujawahi kuwapa.

Stoo kuna sanduku la vitabu vya hadithi, la mradi uliokwisha zamani. Lilikuwa chini ya mifuko ya saruji. Vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimeshikana kwa unyevu. Jioni nimekaa barazani navishona kwa uzi wa nyavu. Vitatosha wawili wawili.

Jumatatu, 20 Januari

Siku ya kwanza. Aibu tupu.

Hawajui kukaa kimya na kitabu. Wanaangalia picha, wanacheka, wananyang'anyana. Wa Darasa la Tatu wamejaa dirishani kutazama kama kuna sinema. Wanaochelewa wanaingia mmoja mmoja, shikamoo Madam, shikamoo Madam, na benchi linaburuzwa. Mimi nimekaa mbele na kitabu changu nimekishika juu chini — sikujua mpaka mtoto mmoja aliponionyesha.

Mwalimu Mkuu akapita akatingisha kichwa.

Ijumaa, 31 Januari

Bado. Wanaigiza. Wanafungua ukurasa kwa kuwa mimi nimefungua ukurasa. Macho hayatembei.

Leo nilitaka kuacha. Nimekaa chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi. Sitaacha. Nikiacha hiki sina kingine.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeanza kufunga mlango.

Kengele ikilia, aliye ndani yuko ndani. Aliye nje anakaa chini ya upenu mpaka tumalize, ndipo anaingia. Si adhabu. Nimewaeleza kwamba ni heshima kwa wanaosoma.

Leo kwa mara ya kwanza nimesikia kurasa. Kurasa tu! Mtu angepita nje angedhani darasa ni tupu.

Ijumaa, 14 Februari

Kuna kitu kinatokea. Naogopa kukiandika, lakini kinatokea.

Hafsa, mtoto wa Bi Mwanaharusi wa ng'ambo, anasoma kidole amekibana mdomoni, kama mtu anayejizuia kusema. Anakaa na Tatu, naye wa ng'ambo, wanachangia kitabu. Mwezi wa Januari Tatu alikuwa hajui hata silabi. Sasa anafuata kidole cha mwenzake, na midomo inacheza, na leo nimemwona ametabasamu mahali ambapo hapana picha. Hapana picha! Kwa hiyo alicheka maneno.

Nilipogonga meza kuwaambia muda umekwisha, Hafsa akasema, "Madam, bado."

Baadaye akaniomba aende na kitabu nyumbani. Nikakataa. Vitabu vichache, na wale wanavuka kwa mtumbwi, kitalowa. Akaitikia sawa Madam. Ni mtoto asiyebishana.

Jumatatu, 3 Machi

Mfungo umeanza jana. Watoto wakubwa wanafunga, wamenyamaza wenyewe, kazi yangu imekuwa nyepesi.

Leo watoto wa ng'ambo wote wamechelewa. Tulipofungua mlango walikuwa wamekaa upenuni, sare zimelowa mpaka magotini. Hafsa ameinamisha uso. Nikawaambia kesho muwahi.

Ridhiwani akanifuata ofisini. Akasema wale hawaendi kwa kengele, wanakwenda kwa maji. Mkono huu wa mto wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, asubuhi unakupwa kwa kasi, unavuta kila kitu kuelekea baharini. Mjomba wake Hafsa, Saadi, ndiye anayewavusha kwa mtumbwi mkubwa, na Saadi hashiki pondo, mti wake wa kusukumia mtumbwi, mpaka aone maji yametulia.

Nikamjibu kwamba waamke mapema zaidi. Nikasema nikifungua mlango kwa mmoja nimeufungua kwa wote, na kimya kimekwisha.

Ridhiwani alichukua chaki zake akatoka.

Jumanne, 11 Machi

Nimewapima tena, kwa siri, kwa hadithi fupi ambayo hawajaiona. Zaidi ya nusu wanasoma! Wanajikwaa, wanarudia, lakini wanasoma. Tatu amesoma ukurasa mzima. Nimemtazama Mwalimu Mkuu usoni nikamwambia. Akasema hongera. Akasema labda Darasa la Nne nalo lianze.

Nimekula wali na samaki leo, nimemaliza sahani.

Jumatatu, 17 Machi

Siwezi kushika kalamu vizuri.

Tulikuwa tunasoma. Mlango umefungwa. Nikawaza, leo kimya ni kizuri. Mungu wangu, niliwaza hivyo. Madawati ya watoto wa ng'ambo yalikuwa wazi, na nikawaza wamechelewa tena.

Nikasikia kelele kutoka dikoni, pale wanapofunga mitumbwi. Nikadhani wavuvi wamerudi na mzigo mkubwa. Watoto wakainua vichwa. Nikawaambia endeleeni kusoma.

Endeleeni kusoma, nikasema.

Ridhiwani akausukuma mlango bila hodi. Hakusema na mimi, alisema na ukuta. Mtumbwi wa watoto umepinduka.

Nilikimbia. Viatu vilibaki kwenye tope sijui wapi. Tatu na wadogo wawili walikuwa wameshika mizizi ya mikoko upande wa pili, Saadi anawatoa mmoja mmoja. Tatu alikuwa hatoi sauti, amefumbua mdomo tu. Hafsa hakuwepo.

Hafsa hayupo.

Maji yalikuwa yanakwenda kama yanakimbizwa. Boti za wavuvi zote zimeshuka kumfuata, upande wa Kiongoroni, kuelekea baharini. Bi Mwanaharusi aliingia kwenye tope mpaka kiunoni, wanawake wakamrudisha, akaingia tena. Amefunga. Walimpa maji jioni hata kabla ya adhana, akakataa, akafuturu na wenzake kwa wakati wake, tende moja, akarudi kusimama pale pale.

Mimi nilisimama nyuma ya watu. Sijui kuogelea. Sijui kupiga kafi. Miaka yote hii huku na sijui kitu chochote kinachofaa.

Jumanne, 18 Machi

Hajapatikana.

Shule imefungwa, wanaume wote wako majini. Nimepika uji mkubwa nikapeleka dikoni kwa ajili ya wadogo wasiofunga. Mama mmoja akaupokea. Mwingine akanikata jicho.

Wameuona mtumbwi. Ni ule mdogo, wa Bi Mwanaharusi mwenyewe, anaoendea shamba la mpunga. Si wa Saadi.

Kwa nini walipanda ule mdogo? Kila mtu anauliza. Najisikia baridi, mchana, juani. Nafikiri najua.

Jumatano, 19 Machi

Wakata mikoko wamemwona, chini kabisa karibu na Kiongoroni, kwenye mizizi. Wamemleta kwa boti amefunikwa kanga.

Wamemwosha, wamemswalia, wamemzika kabla ya Alasiri. Wanaume walikwenda makaburini, nami niliyekuwa nimevuka na wenzangu nikabaki na wanawake uani kwao. Nilikaa kwenye mkeka pembeni. Nilitaka kusali sala yangu, maneno yakakataa kuja. Baba yetu — nikaishia hapo.

Sare yake ya shule ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Walikuwa wameifua.

Alhamisi, 20 Machi

Tatu amesema.

Alimwambia mama yake, mama yake akawaambia wenzake, na Ridhiwani akaniambia mimi kwa kuwa hakutaka niyasikie njiani. Saadi aliwaambia wangoje maji yatulie. Hafsa akasema tukingoja, Madam atafunga mlango, na leo kwenye kitabu tumefika pazuri. Akachukua kafi la mama yake. Wale wadogo wakamfuata kwa kuwa wanamfuata kila mahali. Kwenye mkunjo wa mto mtumbwi ukagonga gogo.

Ridhiwani hakusema nilikuambia. Afadhali angesema.

Baadaye nilikuwa nyuma ya ofisi. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama penye mlingoti wa bendera, pale ambapo mtandao unashika, anaongea na Mratibu Elimu kwa simu. Nilisikia kila neno. Alisema wanafunzi walikuwa wanachezea mtumbwi kabla ya saa za shule.

Alipokata simu akaniona. Hakushtuka. "Nakulinda wewe," akasema. "Na shule. Mtoto ameshakufa, Mwalimu. Ukijitaja wewe, atafufuka?"

Nikaondoka. Jibu nalitafuta mpaka sasa.

Ijumaa, 21 Machi

Sijala. Sijatoka. Mvua.

Nilichukua kitabu nikakaa nacho. Maneno yote yanaonekana. Hakuna hata moja linaloingia.

Kama ningempa kile kitabu aende nacho nyumbani. Kama kingelowa, kingelowa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimevuka tena, peke yangu.

Nilimkuta Saadi dikoni nikamwomba anivushe. Akanitazama, akasogeza mtumbwi. Tulipita kwenye ule mkunjo. Kuna matawi yamevunjika pale, bado ni mabichi. Alipiga pondo kwa nguvu, akageuza uso upande mwingine, nami nikatazama miguu yangu.

Bi Mwanaharusi alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaitikia. Hakunikaribisha kukaa, wala hakunifukuza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu usiku. Yalipotea yote.

Nikasema, "Bi Mwanaharusi, Hafsa hakuwa anacheza. Alikuwa ananiwahi mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga mlango."

Akapepeta. Makapi yakaruka. Akapepeta tena.

"Najua," akasema. "Tatu aliniambia mwenyewe. Ila huko shuleni nasikia wanasema mwanangu alikuwa anacheza."

Nikasema si kweli.

"Basi kaseme huko. Kwangu unasema cha nini? Mimi ninajua."

Akarudi kwenye ungo wake. Nilisimama mpaka mikono ikawa haijui ikae wapi. Kisha Saadi akaniita kwamba maji yanaondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Shule imefunguliwa. Baada ya mstarini Mwalimu Mkuu akatangaza mbele ya wote kwamba ule muda wa kusoma umefutwa na Darasa la Tano watafanya majaribio ya mitihani asubuhi. Alisema kwa upole. Nadhani anaamini ananitendea wema.

Watoto wa ng'ambo hawajaja hata mmoja. Mabenchi yao yako wazi upande wa dirisha. Hakuna aliyesogea kukaa pale ingawa wengine wamebanana watano watano.

Niliwagawia maswali. Hakuna aliyeongea. Kile kimya nilichokihangaikia tangu Januari kimejaa darasani, na sikitaki. Nilitaka mtu aburuze benchi. Nilitaka mtu amchokoze mwenzake.

Nimeukuta mlango umefungwa na upepo. Nikauwekea tofali.

Jumanne, 25 Machi

Mkutano wa wazazi, chini ya paa la shule. Umejaa mpaka nje. Mtendaji wa kijiji alikuwepo.

Baba mmoja akasema mwalimu huyu aondoke, amekuja na mambo ya kwao, kuwafungia watoto milango. Mwingine akasema watoto wanavuka kwenye mtumbwi tangu yeye akiwa mdogo na hakuna aliyewahi kuleta boti ya shule, leo ndiyo tunatafuta mlango? Wakaanza kujibizana. Ridhiwani akasimama, akaomba waongee mmoja mmoja, akasema wote wawili wana haki, na akakaa.

Kisha Mwalimu Mkuu akasimama na kurudia yale yale. Wanafunzi walikuwa wanacheza. Tuwaonye watoto wetu kuhusu michezo ya majini.

Bi Mwanaharusi alikuwa amekaa na wanawake, upande wa nyuma. Alikuwa ananitazama.

Nilisimama. Nikasema kwamba Hafsa hakuwa anacheza. Nikasema niliweka sheria ya mlango, nikaambiwa kuhusu maji, nikakataa kusikia. Nikasema alikuwa msomaji mzuri kuliko wote darasani na aliogopa kubaki nje.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilijiandaa kwa kelele. Watu walitazama chini, na mahali fulani mtoto mchanga akaanza kulia, mama yake akatoka naye.

Mwalimu Mkuu hakunitazama tena. Alikunja mikono akatazama mto. Namwonea huruma. Nimemfanya mwongo mbele ya kijiji kizima, na nia yake ilikuwa kunisitiri.

Mtendaji alikuwa tayari ameshika simu, anaelekea penye mlingoti.

Jumatano, 26 Machi

Natakiwa Kibiti, wilayani. Kesho, kwa boti ya asubuhi mpaka Nyamisati, halafu gari. Nijieleze mbele ya watu wa Elimu. Mwalimu Mkuu aliniletea ujumbe nyumbani mwenyewe. Alisimama nje ya baraza, hakupanda.

Nikamuuliza nitarudi lini.

Akasema beba nguo za kutosha. Halafu akasema beba na vyombo ukiweza.

Nimekwenda penye mlingoti kumpigia mama yangu aliye Kasulu. Hakupatikana. Afadhali. Ningemwambia nini? Mama, nilitaka watoto wasome.

Nimefunga begi. Nimelifungua. Nimelifunga tena. Nguo zote zimeingia na bado linaonekana tupu.

Darasa nitamwachia nani? Ridhiwani ana Hisabati za shule nzima. Mwalimu mpya huku hachukui mwezi mmoja wala miwili, anachukua mwaka, na akifika anaomba uhamisho. Wameanza tu kusoma. Kusoma kwa namna hii ni kama moto wa kuni mbichi, ukiuacha kidogo unazimika. Watakaa na maswali ya mitihani, watakariri, watasahau.

Na labda ndivyo inavyostahili. Sijui. Leo sijui kitu.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika hapa hapa darasani, mezani pangu. Kalamu ya mtoto.

Nilikuja kuwaaga tu. Begi liko dikoni tayari, boti imekwisha kuwasha mashine kujaribu. Watoto wa ng'ambo wamekuja leo! Wote, na Tatu pia. Saadi amewavusha. Sikuelewa kwa nini, mpaka nilipomwona Bi Mwanaharusi amesimama mlangoni, amejifunga kanga nyeusi.

Akapiga hodi. Mlangoni kwangu, akapiga hodi. Nikamkaribisha, akauliza mwanawe alikuwa anakaa wapi. Darasa zima likanyoosha vidole dirishani. Akaenda akaketi pale, kwenye benchi dogo, magoti yamemjaa kifuani.

Akasema, "Nataka kujua alikuwa anakimbilia nini. Nionyesheni hicho kitabu."

Sikukijua.

Kila asubuhi nilikaa mbele yao. Nilihesabu wanaosoma na wanaoigiza. Nilimtazama yule mtoto na kidole chake mdomoni, nikajisifu moyoni. Sikuwahi kuuliza anasoma nini. Nilifungua sanduku nikavitoa vyote mezani, na sikujua ni kipi.

Tatu akainuka. Akavipekua, akachomoa kimoja kutoka chini. Hakina jalada, ni mimi niliyekishona. Ndani yake, katikati, palikuwa na kipande cha ukili, wa kusukia mkeka, umetiwa rangi nyekundu.

Bi Mwanaharusi akaushika ule ukili bila kuutoa. "Huu wangu," akasema. Akaupitishia kidole gumba mara moja. "Kwa hiyo alifika hapa."

Tatu akaitikia ndiyo.

"Mimi sikusoma. Nisomee, Mwalimu. Anza mwanzo, uishie hapa. Mbele usisome."

Nilianza. Ni hadithi ya mtoto wa mhunzi aliyepoteza nyundo ya baba yake, anaulizia nyumba hadi nyumba. Hadithi ya kawaida. Nilifika ukurasa wa pili, herufi zikayeyuka. Nilirudia mstari mmoja mara tatu. Tatu akakichukua kitabu mkononi mwangu, taratibu, akasimama kando ya Bi Mwanaharusi, akaendelea yeye.

Sasa anasoma. Kwa sauti, katika muda ambao zamani ulikuwa wa kimya. Darasa lote limetega sikio. Bi Mwanaharusi ametazama mbele, ubaoni, mahali ambapo hapajaandikwa kitu. Kuna mahali pamoja, mtoto yule anabisha hodi kwa jirani mchoyo, na wadogo wamecheka. Naye Bi Mwanaharusi mdomo ukamcheza kidogo, halafu akaufunika kwa kanga.

Mwalimu Mkuu amekuja. Amesimama nje ya dirisha. Maji yanaondoka, boti haiwezi kungoja, nahodha ameita mara mbili. Ameniona naandika. Amemwona yule mama. Ameondoka kuelekea dikoni. Sijui amekwenda kuizuia boti au kuiruhusu.

Sijui Kibiti watasema nini nikichelewa. Sijui kama mama huyu akimaliza kusikiliza atanitazama au atatoka tu.

Ukili unaonekana kutoka hapa nilipo, unachomoza juu ya kurasa. Zimebaki mbili kabla ya kuufikia. Tatu amezihesabu, nimemwona. Amepunguza mwendo. Anasoma neno, anatua. Neno, anatua. Maneno yote anayajua.

Hakuna mtoto anayemhimiza.